Ua Lililokuja kwa Mtumbwi

Honorata alijifunza kumwogopa samaki. Si kumla, maana kumla alimla vizuri tu, ila kumtaja. Kule alikotoka, Rumonge, samaki yule mwembamba wa kuchoma anaitwa mukeke. Huku Kigoma ni mgebuka, na mtu anayesimama sokoni Mwanga akauliza bei ya mukeke, basi amekwisha kujitangaza kwamba amevuka mpaka. Mumewe, Leonardi, alimfundisha neno hilo kabla hata hajamwonyesha njia ya kwenda kuteka maji. "Sema mgebuka," alimwambia. "Sema tena." Honorata akasema, akasema tena, mpaka siku nyingine akaota anauza samaki hao na akaamka taya zinamuuma.

Kitongoji chao kiko ufukweni, kusini mwa Ujiji, mahali ambapo michikichi inateremka kilimani mpaka karibu iguse maji. Yeye na Leonardi walikuwa wakikamua mafuta ya mawese, yale mekundu ya chikichi, na majirani walimjua kama mwanamke wa Manyovu aliyeolewa mbali na kwao. Uongo huo aliuchagua Leonardi, na aliuchagua vizuri. Manyovu iko mpakani, na Kiha cha huko na Kirundi ni pua na mdomo. Kila ulimi wa Honorata ulipoteleza, watu walicheka wakasema, "Hao ndio Wamanyovu wetu."

Ukweli walikuwa nao yeye na mumewe, basi. Kabla ya kuwa Honorata wa Leonardi alikuwa Ininahazwe, mke wa mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka wa tisini na tatu, watu walipoanza kuuana kule Burundi, mwalimu yule aliuawa njiani akirudi nyumbani, na mkewe akakimbilia ziwani na mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa wa kike, bado hajaanza hata kukaa. Jina lake lilikuwa Ntakarutimana, yaani hakuna kinachompita Mungu. Mkononi mama alishika kikapu alichokinyakua jikoni, akidhani kimejaa vitunguu vya kupikia.

Homa ilimshika mtoto ndani ya mtumbwi. Walipofika kwenye ufuko huu alikuwa bado anapumua, na aliendelea kupumua mpaka jua lilipopanda, kisha akaacha. Wenzake wa mtumbwini walimsubiri kidogo, wakaondoka kwenda mjini kujiandikisha, maana nao walikuwa na watoto wao. Ininahazwe alichimba peke yake nyuma ya michikichi, kwa sahani ya bati na kucha zake. Alipomlaza mwanawe hakuweza kumtupia udongo usoni. Alijaribu, mikono ikakataa. Mwishowe akamfunika uso kwa ile sahani, ndipo akaweza kufukia. Alipofungua kikapu ale chochote, akakuta vile si vitunguu vya kupikia hata kidogo. Vilikuwa vitunguu vya maua, ambavyo mama mkwe wake alikuwa amevichimba avihamishie mbele ya nyumba. Mtu amekimbia vita, amebeba maua! Alicheka, mwenyewe alikuja kumwambia Leonardi, alicheka kwa sauti pale kaburini mpaka akajiogopa. Kisha akavipanda vyote juu ya mwanawe, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kumpa.

Leonardi ndiye aliyemkuta, alipokuja kuangalia michikichi yake. Alikuwa kapera aliyechelewa, mtu wa maneno machache. Akamletea uji. Baadaye akampeleka Gungu kwa dada yake, na miezi ilipopita akarudi naye kitongojini kama mke. Mtoto hakutajwa. Ungemtajaje? Watu wangeuliza alizaliwa wapi, baba yake nani, alikufa lini, na kila jibu lingeishia kwenye ule mtumbwi. Kwa hiyo Honorata hakumlilia mwanawe. Msiba aliumeza.

Kila mwaka mvua za kwanza zilipoanguka, maua yalitoka kabla ya majani, mekundu ya kupauka, yenye koo jeupe. Yaliongezeka mpaka yakawa kitanda kizima. Honorata alikuwa akichuchumaa kung'oa magugu, na akidhani yuko peke yake, alimwambia mwanawe kwa Kirundi habari za siku hiyo. "Ntakarutimana, mvua imekuja. Ntakarutimana, leo baba yako ameuza madumu yote."

Hakuwa peke yake kila mara. Jirani yake Kuruthumu, mke wa mvuvi, mzaliwa wa Ujiji, alikuwa akikatiza hapo kuja kununua mawese, na masikio ya Kuruthumu hayakuwahi kupumzika. Alikuwa na roho nzuri, Mungu amlipe, lakini mdomo wake ulikuwa soko lisilofungwa. Na kwa lugha alikuwa Mswahili mtupu, tena mwenye kujivuna. "Mimi Kiha sikijui na sikitafuti," alikuwa akisema. Basi alisikia shoga yake akiyaambia maua Ntakarutimana, naye akajua, bila kumuuliza mtu, kwamba hilo ndilo jina la ua.

Ukaja mwaka wa tisini na saba. Gari la matangazo lilipita na kipaza sauti: wakimbizi wote walio nje ya kambi wajitokeze, wapelekwe kambini. Baada ya gari, malori. Walichukuliwa watu waliokuja juzi, wakachukuliwa na watu waliokuja zamani, wenye mashamba, wenye waume na wake wa hapa hapa. Kule Kidahwe, watu walisema, mama mmoja aliondolewa na unga bado uko mikononi. Honorata alianza kupika kwa kuvizia barabara. Leonardi alipotoka alifunga mlango kwa nje, kisha akaona ni upumbavu, akaacha.

Siku yenyewe Leonardi alikuwa amekwenda Mwanga kuuza mafuta. Honorata alikuwa anakoroga pipa la chikichi juu ya moto alipowaona wanakuja watu watatu. Mbele ni Kuruthumu, anatembea kama mwenye harusi. Nyuma yake mwanamume wa makamo mwenye miwani, amebeba mbao mbili zilizofungwa kwa mikanda na magazeti katikati. Wa mwisho alikuwa Gervasi, askari mgambo.

"Hodi shoga!" Kuruthumu alipaza sauti. "Nimekuletea wageni wa serikali!"

Honorata akashika mwiko kwa mikono miwili, akaendelea kukoroga.

Mwenye miwani alisalimia kwa adabu, akajitaja kuwa Abdulkarimu, mtaalamu wa mimea kutoka Dar es Salaam, na mbao zile ni za kukaushia majani na maua. Gervasi alimsalimia kwa Kiha, kisha akatega sikio, kama mtu anavyogonga chungu sokoni asikie kama kina ufa. Honorata akajibu kwa maneno mawili tu.

"Mama, usiwe na wasiwasi," alisema Abdulkarimu. "Sisi tunazunguka mkoa huu tunaandika mimea na wanyama. Nini kipo, na kipo wapi. Huyu bwana amepewa kazi ya kunisindikiza tu, kwa sababu siku hizi ufukweni mgeni hatazamwi vizuri. Sasa mama Kuruthumu ameniambia una ua la ajabu nyuma ya michikichi."

"Nimewaambia!" alisema Kuruthumu. "Serikali ikipenda ua lako, nani ajuaye, watakuchimbia hata kisima."

Honorata angeweza kumtupia mwiko. Alisema ni maua ya porini tu, yamekwisha kunyauka, njia ni mbaya, kuna nyoka. Lakini Kuruthumu alikuwa ameshatangulia.

Abdulkarimu alipoyaona maua yale alipiga magoti bila kuangalia suruali yake. Aligusa petali moja kwa nyuma ya kidole, akaitazama mbele na nyuma.

"Wiki nzima naokota yale yale," alisema. "Hili najua linaota kwenye milima ya Burundi. Upande wetu huu hakuna aliyewahi kuliandika. Mama, unajua una nini hapa?"

Gervasi, aliyekuwa anakung'uta mchanga kwenye kiatu, alisikia neno Burundi akainua macho.

"Linaitwaje kwa lugha ya hapa?" aliuliza Abdulkarimu, kalamu tayari.

"Ua tu," alijibu Honorata. "Halina jina."

"Shoga, unaona aibu ya nini?" Kuruthumu aliingilia. "Linaitwa Ntakarutimana. Kila siku namsikia akilisemesha."

Abdulkarimu akaanza kuandika, akilitamka kwa vipande. Gervasi alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Usiandike, bwana. Hilo si jina la ua, ni jina la mtu. Jana nimeita majina kwenye lori, Ntakarutimana walikuwa wawili." Akamgeukia Honorata. "Mama, wewe ni wa wapi?"

"Manyovu. Hata kwetu majina hayo yapo."

"Nani wa kwenu anaitwa hivyo?"

"Bibi yangu."

"Na bibi yako ndiye unayemsemesha hapa kila siku?"

Ulimi hauna mfupa, lakini mwenye ulimi ana macho. Kuruthumu alimtazama shoga yake, akamtazama mgambo, akajiziba mdomo kwa ncha ya khanga.

Abdulkarimu hayo hayakumfikia. Alikuwa ametoa kijembe kidogo kwenye mfuko. "Nahitaji moja zima, pamoja na kitunguu chake," alieleza, akichagua pale katikati yalipojazana zaidi. "Nikipeleka ua bila kitunguu, wakubwa zangu hawataniamini. Haya huzama sana, lakini nitakuwa mwangalifu."

Akachoma udongo mara ya kwanza.

Gervasi hakutazama udongo. Alimtazama Honorata. Naye alijua anatazamwa, akakaza uso ukawa kama wa mtu anayengoja maji yachemke. Nyamaza, alijiambia. Ataligusa ua, atalipata, ataondoka, na huyu mgambo hana ushahidi ila neno moja. Leonardi atarudi jioni na sabuni. Utalala nyumbani kwako. Mifupa haisikii maumivu. Miaka yote hii, mifupa yenyewe midogo vile, labda hata hataiona. Kijembe kikazama tena. Honorata akafikiria lori, akafikiria mlango wa nyumba yao, akasema moyoni nyamaza, nyamaza.

Kijembe kikagonga bati.

"Reka!" alipiga kelele. "Mwana wanje! Reka!" Alikuwa ameshamshika Abdulkarimu mkono kwa mikono yote miwili, na Kirundi kilimtoka chote kwa pamoja, hata akasahau Kiswahili. Kisha kikarudi. "Mwanangu yuko hapo. Usimchimbe mwanangu, bwana, nakuomba. Hiyo ni sahani, yuko chini ya sahani."

Abdulkarimu aliachia kijembe. Alirudi nyuma kwa magoti, akatazama shimo dogo alilolifungua, kisha akaanza kurudisha udongo kwa viganja vyake, polepole, akiushindilia kwa vidole. "Nisamehe, mama," alikuwa akisema. "Nisamehe, sikujua." Alipomaliza aliuliza, kwa sauti ya chini, kama ni yeye aliyeyapanda.

"Ni mimi. Vitunguu vilikuja kwenye kikapu. Nilidhani ni vya kula."

Abdulkarimu alivua miwani, akaipangusa kwa shati. Ungeona uchungu wake, na si wa kaburi peke yake. "Basi halimo," alisema. "Ua lililoletwa kwa mkono wa mtu hatuwezi kulihesabu kuwa la mahali hapa."

"Umesema vizuri, bwana mtaalamu," alisema Gervasi. "Lililoletwa si la hapa. Na aliyelileta je?" Akamshika Honorata mkono juu ya kiwiko, si kwa ukali, lakini alimshika. "Siku za mwizi arobaini, mama. Kachukue nguo zako. Lori liko barabarani."

Honorata hakubisha. Nguvu zote alikuwa amezimaliza kwenye zile kelele. Alisimama akitazama udongo uliochafuliwa, mkono wake uko kwa mgambo kama si wake.

Hapo ndipo Kuruthumu aliweka mikono kichwani. Alikuwa amezaa watoto sita na kuzika wawili, na alikuwa amepita juu ya njia hiyo kila wiki na chupa ya mafuta akiimba. Akafungua mdomo wake ule ule.

"Uwiiii! Uwii jamani! Mtoto wa shoga yangu amekufa! Njooni, tumefiwa!"

Ufukweni palikuwa na wanawake wanaoanika dagaa. Kilio cha msiba hakihitaji maelezo, mtu hukiacha alichoshika akaja. Walikuja wanakimbia, mmoja na ungo mkononi, wanauliza nani, nani amekufa? "Mtoto wa Honorata!" Honorata ana mtoto? "Alikuwa naye! Yuko hapa, amemzika peke yake, hakuna hata mmoja wetu aliyempa mkono!" Kuruthumu alijitupa chini kando ya maua, akafungua khanga ya kichwani akajifunga kiunoni, na wengine wakakaa kumzunguka. Wengine walikuwa hawajaelewa bado nani ni nani, lakini walikuwa wanalia.

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Honorata aliposikia mwanawe analiliwa na watu, alijitoa mkononi mwa mgambo. Alianguka kati yao, akalia kilio ambacho kilikuwa kimengoja tangu asubuhi ile ya mtumbwi, kwa lugha yake, bila kuchagua neno hata moja. Wanawake walimshika mabega na kichwa. Hakuna aliyejali alikuwa anasema kwa lugha gani.

Gervasi alibaki amesimama katikati, mkono wake mtupu. Bibi mmoja mwenye magamba ya dagaa vidoleni alimtazama kutoka chini.

"Mwanangu, vua kofia," alisema. "Hapa pana msiba. Mfiwa haondolewi matangani."

Kule barabarani lori lilipiga honi. Gervasi akavua kofia. "Poleni," alisema. Kisha, bila kumtazama mtu usoni, "Matanga yakianuliwa nitarudi. Ni amri, si mimi."

Leonardi aliporudi alikuta mikeka imetandikwa uani, masufuria ya jirani yako motoni, na mgeni mwenye miwani amekaa na wanaume. Akadondosha madumu. Alidhani mkewe amekufa. Walipomwambia msiba ni wa nani, alikwenda nyuma ya michikichi, akakaa huko muda mrefu, akarudi na macho mekundu akapokea pole kama baba wa marehemu. Abdulkarimu alikaa nao mpaka siku ya pili, akaondoka na mbao zake bila lile ua.

Kuruthumu hakutoka nyumbani humo matanga yote. "Ni mdomo wangu, shoga," alisema na kusema tena. "Ni mdomo wangu uliokuua."

"Ndio huo uliomlilia mwanangu," Honorata alimjibu. "Nyamaza sasa, lete chai."

Leonardi alitaka watoroke, waende Gungu kwa dada yake, au juu milimani. Honorata alikataa. Gervasi alikuwa amemwacha mikononi mwa wale wanawake, na yeye asingewalipa kwa kuwatia matatani. Tena alikuwa amechoka. Alikuwa amechoka kuogopa samaki.

Matanga yalipoanuliwa lori lilikuja. Wanawake walimsindikiza mpaka barabarani, wakambebea mkeka na sufuria. Leonardi alitupa furushi lake mwenyewe juu ya lori, akakanyaga gurudumu apande. Honorata akamshika shati.

"Ukija na wewe," alimwambia, "nani atabaki naye?"

Leonardi alisimama na mguu mmoja juu ya gurudumu. Kisha akauteremsha. Gervasi alimrudishia furushi lake, akageukia upande wa ziwa mpaka wale wawili walipomaliza kuagana. Lori likashika barabara ya Kidahwe, na Honorata akatazama nyuma mpaka vumbi likafunika kila kitu.

Kambini, upande wa Kasulu, walisimama foleni mbele ya meza. Karani alikuwa kijana, naye alikuwa na haraka. Alimuuliza jina, akampa la kweli, Ininahazwe, na likamtoka kwa shida kidogo kama kiatu cha zamani. Akamuuliza alikozaliwa. Akamuuliza kama ana watoto.

"Mmoja."

Karani akachungulia nyuma yake, hakuona mtoto. "Yuko wapi?"

"Amebaki nyumbani."

"Nyumbani Rumonge?"

"Hapana," alisema Ininahazwe. "Kigoma. Yuko na baba yake."

Karani akaandika hivyo hivyo, akamwita anayefuata.